Soba Hausi: Historia Fupi na Swali la Mzee wa Igamba

Mwezi uliopita nilikwenda Igamba, wilayani Mbozi, kuhani msiba. Jioni mzee mmoja alinivuta kando. "Mwalimu, kijana wetu alikaa soba hausi Dar es Salaam miezi sita bila kuonja pombe. Hapa nyumbani amemaliza wiki tatu tu, amerudia. Ile nyumba ilimtibu, au tulitupa fedha?"

Jibu limo katika historia.

Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba kila mmoja alibaki timamu alipozungumza na mwenzake. Hapo ndipo ulipozaliwa umoja wa Alcoholics Anonymous. Mwaka 1953 waraibu wa dawa za kulevya waliunda Narcotics Anonymous huko California. Msingi ulikuwa mmoja: mraibu humfahamu mraibu mwenzake.

Heroini ilipoenea katika miji ya pwani yetu tangu miaka ya 1980, dola ilitangulia na polisi na magereza. Walioanza kufikiria nyumba ni watu wa kawaida. Malindi waliunda Omari Project mwaka 1995. Zanzibar ilipata soba hausi mwaka 2009, ikaitwa Detroit kwa heshima ya mji wa Marekani uliotoa msaada na mafunzo. Nyingine zikafuata Tanzania Bara, nyingi zikiendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu. Serikali ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika Mbeya. Leo nyaraka za serikali huziita nyumba hizo "nyumba za upataji nafuu". Lakini methadoni ni dawa ya waraibu wa heroini. Mnywaji wa gongo haimhusu.

Je, ndani ya nyumba hizo kuna nini? Kuamka alfajiri, kufagia, kupika kwa zamu, kuketi katika duara na kusema ukweli mbele ya wanaoujua uongo wako kwa sababu nao waliwahi kuusema. Dawa yenyewe ni ule ushirika.

Basi, mzee wangu, nyumba ilimtibu. Sisi ndio tuliomtoa katika dawa yake, tukamrudisha peke yake, zaidi ya kilomita 800, jirani na kilabu cha pombe. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwaka 2017, pakiti ziliondoka madukani, kiu haikuondoka.

Yapo makosa ya kukiri. Zipo nyumba zinazofunga watu kwa nguvu, na ada huwashinda wakulima wengi wa kahawa. Usimamizi ni wa lazima. Hata hivyo, mwaka 1975 huko Maryland, watu waliokuwa wakipona walipanga nyumba yao wenyewe, wakaiita Oxford House: kodi waligawana, uongozi walichagua kwa kura, na aliyerudia kunywa alitoka. Hapakuhitajika daktari wa kukaa nao.

Mkoa wa Songwe una barabara kuu, mpaka wa Tunduma wenye pilikapilika usiku na mchana, na vijana wanaorudi kutoka matibabu mbali na kwao. Kwa watumishi wa halmashauri wanaonisoma: chumba kimoja cha mkutano kila jioni, na nyumba moja ya kupanga, vingemfaa kijana yule kuliko nauli ya pili ya kwenda Dar es Salaam. Familia yake imekwisha kuanza kuichanga.