HISTORIA NA MALEZI, SEHEMU YA 4: Yule anayeuliza "Mnafanya nini?"



Kijana wangu karudi likizo na mchezo mpya. Hauna simu. Ni karatasi, penseli na dadu. Yeye ndiye msimamizi: anasimulia kwamba tumefika mlangoni mwa pango, humo ndani kuna kitu kinakoroma, kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Nikajibu, "Mimi narudi nyumbani kupika." Jamani, akakubali! Akaipindisha hadithi nzima ifuate jibu langu.

Nikasoma. Mchezo huo, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Msimamizi hashindani na wachezaji. Anaweka tatizo, anaigiza watu wengine wote wa kwenye hadithi, lakini uamuzi anawaachia wachezaji.

Nikajiuliza, mbona kazi hii sisi tunayo? Mwaka 1982 hadi 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, Usukumani. Hawakubeba igizo lililoandikwa tayari. Waliwauliza wanakijiji shida zao, na moja ilikuwa mimba za wasichana. Wanakijiji wenyewe wakatunga, wakaigiza, kisha watazamaji wakajadiliana. Mwalimu alibaki kuwa mwezeshaji, mwenye maswali.

Hapo nilijiona. Miaka mingi kliniki nimehubiri: mtoto asipewe maji kabla ya miezi sita, maziwa ya mama yanatosha. Mama wanaitikia, "Sawa nesi." Baada ya wiki mbili mtoto analetwa anaharisha. Nyumbani kuna mama mkwe na kikombe, na mimi sikuwahi kumwandaa binti kwa dakika hiyo.

Siku moja nikajifunga kanga, nikawa mama mkwe. "Mjukuu wangu ana kiu, lete kijiko!" Wakacheka. Binti mmoja mpole, mzazi wa kwanza, akanijibu, "Mama, maji yako humohumo kwenye maziwa. Naomba unishikie mtoto nile mtori, maziwa yaongezeke."

Jibu hilo sikumfundisha mimi. Lina heshima, na linampa bibi kazi ya kufanya.

Haya, zamu yenu. Mama mkwe kaingia na kikombe. Unafanya nini? Niandikieni hapo chini.