Mashine Zilizokuja kwa Vipande: Njia ya Kompyuta ya Gemu hadi Kyela

Oktoba 1875, boti ya mvuke iitwayo Ilala iliingia Ziwa Nyasa kutokea mto Shire, ikawa chombo cha kwanza cha mvuke kuonekana katika maji hayo. Wamisionari wa Livingstonia, wakiongozwa na E. D. Young, waliileta kutoka Uingereza kwa vipande, wakaiunga mlangoni mwa Zambezi, wakaipandisha mtoni hadi chini ya maporomoko ya Shire, kisha wakaifungua tena bamba kwa bamba. Mamia ya wapagazi waliubeba mzigo huo hadi juu ya maporomoko, na huko boti ikaungwa upya. Mwaka 1893 ikaja zamu ya Wajerumani. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilipita njia ileile ikiwa imegawanywa katika mizigo ya kubebeka. Awali ilikusudiwa kwa ziwa jingine la Afrika Mashariki. Ugumu wa kuisafirisha ndio ulioifanya iishie Nyasa, ikahudumia kituo kipya cha Langenburg kwenye mwambao wa kaskazini mashariki, chini ya milima ya Livingstone.

Kila mashine iliyofika ncha hii ya kaskazini ya ziwa, ilipo Kyela, imekuwa na gharama mbili, bei yake yenyewe na bei ya kuifikisha. Kijana wa Kyela mjini anayedunduliza ili aunge kompyuta ya kuchezea gemu anazikuta zote mbili, na ya tatu juu yake: bei ya kuiweka hai katika joto na unyevu wa bonde.

Kuunga maisha kwa vitu vya watu mbalimbali si jambo geni hapa. Wakisi wa Ikombe na Lyulilo, karibu na Matema, walifinyanga vyungu na kuvipakia kwenye mitumbwi. Wakinga waliteremka kutoka milimani na majembe ya chuma waliyoyeyusha na kufua wenyewe. Wanyakyusa wa bondeni walikuwa na chakula na ng'ombe. Mkulima wa Kyela wa karne ya 19 alilima kwa chuma cha Mkinga na kupikia chungu cha Mkisi, na mwenye kidogo cha kubadilisha alilazimika kuamua kipi kitangulie, jembe au chungu.

Kompyuta ilichelewa sana kuingia katika soko hilo, na kuchelewa kwake kulianzia Dar es Salaam. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 iliyotengenezwa Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huohuo mlango ukafungwa: amri ya serikali ilizuia kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Sababu hazikuwa za kipuuzi. Fedha za kigeni zilikuwa haba, bei ya mafuta ilikuwa imepaa tangu 1973, na mashine za Wizara zilikuwa zimekula pesa nyingi bila kunyoosha hesabu za serikali. Hata hivyo amri ile ilibeba gharama ambayo haikuandikwa kwenye bajeti yoyote. Kizazi kizima cha mafundi kilikua bila kugusa mashine ambazo wenzao kwingineko walikuwa wanazifungua na kuzifunga.

Zuio la televisheni nalo liliuma kwa namna yake, kwa kuwa gemu za nyumbani za wakati ule zilichomekwa kwenye televisheni. Atari ilipouzwa Marekani mwaka 1977, na Nintendo ilipotoka Japani mwaka 1983, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994. Mtoto wa Kyela asingepata nafuu hata kwa kuvuka mto Songwe, maana Malawi ya Kamuzu Banda nayo ilikataa televisheni, na kituo chao cha kwanza kilianza mwaka 1999. Ncha ya kaskazini ya ziwa ilikaa katikati ya nchi mbili zisizo na kioo.

Wakati huohuo, mbali sana, lilitokea jambo ambalo baadaye lingemfaa mtu wa kipato kidogo kuliko uvumbuzi mwingine wowote wa kompyuta. Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi, na kwa kuwa ilikuwa na haraka, iliiunga kwa vipande vya makampuni mengine: prosesa ya Intel, programu endeshi ya Microsoft, na nafasi za kuchomekea kadi za mtu yeyote. Ndani ya miaka michache makampuni mengine yalikuwa yanatengeneza mashine zinazokubali vipande vilevile. Kipande kimoja kikifa, mwenye mashine angeweza kununua hichohicho tu. Akitaka nguvu zaidi, angeongeza kidogokidogo. Desturi ya kuchagua kompyuta kipande kwa kipande ilizaliwa hapo.

Tanzania ilifungua mlango polepole, kadiri mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalivyoruhusu watu kuagiza bidhaa. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003. Tangu 2005, orodha ya pamoja ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeipa kompyuta ushuru wa forodha wa asilimia sifuri. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliwasili Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukasambazwa mikoani hadi mpakani Kasumulu, ndani ya wilaya ya Kyela.

Lakini gemu zilitangulia kompyuta. Katika miji mingi ya Tanzania zilifika kwa njia ya banda: chumba kimoja, televisheni mbili tatu, mashine za gemu za PS2 zilizokwishatumika, mabenchi, na watoto wanaolipia mechi moja moja. PS2 ilitoka mwaka 2000, na kwa muda mrefu baada ya kuachwa kwingineko iliendelea kuwa mfalme wa mabanda, kwa gemu za mpira na kwa Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Toleo la kompyuta la San Andreas lilitoka 2005, na gemu hiyo ikawa kipimo: mashine inayoibeba San Andreas ilihesabiwa kuwa mashine. Banda lilifundisha hesabu pia. Mwenye banda alijua pedi hudumu muda gani, kioo kipi kinakula umeme, na siku ya mvua wateja wanapungua kiasi gani. Wengi waliojifunza kufungua mashine walianza kwa kufungua pedi zilizokufa.

Baada ya banda ikaja kompyuta ya mtumba. Ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zile za mezani za Dell OptiPlex na HP EliteDesk huishia Kariakoo, kisha Mbeya, kisha hushuka Uyole na Tukuyu hadi Kyela zikiwa mzigo wa basi. Hapa ndipo bajeti ndogo inapofanya kazi yake halisi. Mashine ya namna hiyo yenye prosesa ya Core i5-4590 ya mwaka 2014 ina kokwa (core) nne, kesi, mazabodi na pawasaplai kwa bei ambayo vipande vipya visingeweza kukaribia. Inakosa kitu kimoja, kadi ya grafiki ya maana.

Kosa la kawaida hutokea hapo. Mnunuzi huitafuta kadi kubwa anayoweza kuilipia, akasahau inakochomekwa. OptiPlex 9020 ya umbo dogo ina pawasaplai ya wati 255, na pawasaplai hiyo haifanani na ile ya kawaida ya dukani, kwa hiyo kuibadilisha si jambo la kuchomoa na kuchomeka. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi ya RX 580 ya mwaka 2017 hutaka takriban wati 185 na waya wake wa ziada kutoka kwenye pawasaplai, waya ambao mashine ile haina. Ndiyo maana kadi mbili za kawaida sana zimedumu kwa heshima miongoni mwa watu wa pesa kidogo duniani kote: GTX 750 Ti ya mwaka 2014, yenye wati 60, na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye wati 75. Zote huishi kwa umeme wa nafasi yake tu, na zina matoleo mafupi yanayoingia kwenye kesi nyembamba. Asiyepima urefu wa kadi na nafasi ya kesi kabla ya kutuma pesa atajuta.

Soko hilo lina mitego, na inafaa kuitaja kwa majina. Kadi ya GT 1030 ilitoka mwaka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka uliofuata likatoka toleo la DDR4 kwa jina lilelile, ambalo kasi yake ya kumbukumbu ni takriban theluthi moja ya lile la kwanza. Sanduku linafanana, gemu hazifanani. Mbaya zaidi ni kadi za bandia: kadi za zamani sana kama GTS 450 zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikizitambua tangu 2018, na fundi mwaminifu huiendesha mbele ya mteja bila kuombwa.

RAM nayo ina hesabu yake. Vijiti viwili vya GB 4 hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 8, kwa kuwa prosesa huvisoma vyote kwa pamoja, na tofauti hiyo huonekana wazi zaidi kwa mwenye kutegemea grafiki zilizomo ndani ya prosesa. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi duniani, kwa sababu viwanda viligeukia mahitaji ya vituo vikubwa vya akili mnemba. Mtu wa Kyela asiyejua lolote kuhusu vituo hivyo analipa sehemu ya bei yao.

Haikuwa mara ya kwanza. Kati ya 2020 na 2022 wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walizoa kadi za grafiki duniani kote, bei zikapanda mara mbili na zaidi. Septemba 2022 mfumo wa sarafu ya Ethereum uliacha kutumia kadi hizo, na kadi za machimboni zikamwagika kwenye soko la mitumba. Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, na maofisi mengi yakatupa mashine zisizokidhi masharti ya Windows 11. Kwa mnunuzi wa mtumba, maamuzi hayo ya mbali yana uzito kuliko matangazo yote ya kadi mpya.

Kisha hali ya hewa ya bonde hudai haki yake. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,000 juu yake. Mashine iliyojaribiwa dukani Mbeya, kwenye baridi, inashuka hadi mahali penye joto zaidi kwa nyuzi kadhaa na unyevu mzito. Kaskazini mwa Nyasa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika bondeni. Kwa hiyo kesi yenye matundu na feni ya pili ni matumizi ya lazima, dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ya mtumba ibadilishwe siku ya kwanza, na mashine ikae juu ya meza, kamwe isikae sakafuni.

Umeme umeimarika. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha Februari 2024, na bwawa zima limejengwa kwa megawati 2,115. Lakini radi za masika na umeme unaopanda na kushuka haviondolewi na bwawa. Kifaa cha kulinda umeme kinagharimu sehemu ndogo ya mashine, na ndicho ambacho wengi hukiacha mwisho, pesa ikiwa imeisha.

Pesa yenyewe, kwa kaya nyingi za Kyela, inatoka kwenye mpunga na kakao. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao nchini. Machi 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Familia iliyouza wakati wa kupanda ingeweza kununua mashine nzima kwa mkupuo; iliyouza baadaye itaiunga kwa awamu.

Kwa mwenye pesa ya msimu mmoja wa kawaida, mpangilio unaofaa ni huu: kompyuta ya mtumba ya ofisi yenye kokwa nne, SSD badala ya diski ya zamani, RAM ya vijiti viwili, kifaa cha kulinda umeme, na kadi ndogo isiyohitaji waya wa ziada. Kadi kubwa na pawasaplai yake zisubiri msimu mwingine. Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe mashine, afungue gemu, na kuiacha ichezwe nusu saa mbele yako. Ikizima ukiwa bado dukani Mbeya, kuirudisha ni suala la kuvuka kaunta. Ikizimia Kyela, ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kurudi, na nauli hiyo ingetosha kulipia sehemu ya kijiti cha RAM.