Kiwanda Katika Ukurasa wa Daftari

Kampuni ya General Electric ilikuwa na viwanda vya vyombo vya nyumbani katika Kentucky, Marekani. Mara vilifanya kazi zamu tatu, usiku na mchana. Miaka michache baadaye, nusu ya wafanyakazi waliachishwa kazi. Wengi walidhani sababu ni kupanda na kushuka kwa biashara.

Katika miaka ya 1950 Jay Forrester, mwalimu katika chuo cha MIT, alisikia habari hizo. Alitwaa penseli na daftari, akaandika safu za hesabu: bidhaa zilizomo ghalani, maagizo ya wanunuzi, na idadi ya wafanyakazi. Kisha akakiigiza kiwanda juma baada ya juma, akifuata kanuni za wakuu wake. Kumbe, hata maagizo yasipobadilika, idadi ya wafanyakazi iliweza kupanda na kushuka! Kosa lilikuwa ndani ya kanuni zenyewe.

Baadaye hesabu za namna hiyo zilifanywa kwa kompyuta, na mwaka wa 1961 Forrester alitoa kitabu, *Industrial Dynamics*.

Kanuni ikijaribiwa kwanza daftarini, kosa hufutwa kwa raba. Ikijaribiwa kwanza kiwandani, kosa hulipwa kwa riziki za watu.