Kuchana Mlango wa Tumbo: Nani Atapona?

Katika miaka ya 1960, mtu wa Hirbadaw, kaskazini mwa Tanzania, aliyekuwa akitapika leo ugali alioula jana angepelekwa Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwe, kwenye nyanda za juu za Mbulu, ikawa inapokea Wairaqw, Wadatooga, Wanyiramba na Wahadzabe.

Kisababishi cha kwanza kufikiriwa kilikuwa kidonda. Mwaka 1975 daktari wa upasuaji Mwingereza, Frank Tovey, na mwenzake Tunstall walichapisha mapitio ya vidonda vya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mdogo, kusini mwa Sahara. Nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania walizitaja miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa mwingi, pamoja na zile za Ethiopia. Kidonda kikikaa miaka huacha kovu, na kovu hubana mlango wa chini wa tumbo la chakula. Hapo chakula hakipiti.

Tiba ya zama hizo ilikuwa kisu. Lester Dragstedt wa Chicago alianza mwaka 1943 kukata neva ya vagasi, inayoliamuru tumbo kutoa asidi. Asidi ilipungua kweli. Lakini neva hiyohiyo ndiyo inayoliendesha tumbo, hivyo baadhi ya wagonjwa waliachwa na tumbo lililolala, chakula kimejaa ndani bila kwenda popote. Madaktari wakalazimika kuongeza hatua ya pili: kupanua mlango kwa kuuchana, mbinu iliyokuwapo Ulaya tangu miaka ya 1880, au kuunganisha tumbo na utumbo pembeni yake. Kwa hiyo kuchana mlango ili kulisaidia tumbo lililolala si jambo la jana.

Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipomkamata bakteria wa vidonda mwaka 1982, upasuaji huo ulififia na vidonge vikachukua nafasi. Tumbo lililolala halikuondoka. Kassander alikwisha kulieleza mwaka 1958 kwa wagonjwa wa kisukari. Wengine hulipata baada ya upasuaji, na wengine bila sababu inayoonekana. Madaktari hulichunguza kwa kumlisha mgonjwa mayai yenye chembe kidogo za mionzi. Kikibaki zaidi ya 10% ya chakula baada ya saa nne, tumbo limechelewa.

Mwaka 2008 Haruhiro Inoue wa Japani alipitisha kamera mdomoni, akachimba njia chini ya utando wa umio na kuchana msuli uliokaza, bila kupasua tumbo kwa nje. Mwaka 2013 Mouen Khashab wa Johns Hopkins, Marekani, akaishusha mbinu hiyo hadi kwenye mlango wa tumbo. Hospitali kubwa za ng'ambo zikaipokea kwa haraka, na kwa maoni yangu haraka hiyo ilizidi ushahidi.

Maana ni nani atakayepona? Mwaka 2022 Martinek na wenzake wa Prague walitoa matokeo ya wagonjwa 41, wengine wakichanwa kweli na wengine wakifanyiwa utaratibu wa bandia. Baada ya miezi sita, 71% ya waliochanwa walikuwa na nafuu, dhidi ya 22% ya wale wa utaratibu wa bandia. Wa kisukari walifanya vizuri kuliko wa upasuaji wa zamani, ingawa makundi hayo yalikuwa madogo mno kuyategemea. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa wagonjwa 80 ulipata nafuu ya 56% tu baada ya mwaka mmoja. Hata neno nafuu halikupimwa sawa: Prague walidai dalili zipungue nusu, wengine waliridhika na pungufu kuliko hapo.

Utafiti huo wa pili ndio uliotoa dalili za kutabiri: aliyeanza na dalili kali, na aliyebakiwa na zaidi ya 20% ya chakula baada ya saa nne, ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kufaidika. Kwa maneno mengine, faida huenda kwa yule ambaye tumbo lake limelala kweli. Wafaransa nao wamejaribu kupima kwa puto jinsi mlango unavyotanuka, wakiamini kwamba mlango mgumu ndio unaostahili kuchanwa. Yote haya ni makisio yenye nguvu ya wastani, hayajawa kanuni.

Kwa Tanzania kuna swali linalotangulia: tumbo limelala, au mlango umeziba? Mwaka 2013 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 184 ambao njia ya kutokea tumboni ilikuwa imeziba, na vinara wa visababishi walikuwa vidonda na saratani ya tumbo. Hao hawana tumbo lililolala, wana mlango ulioziba, na tiba zao ni tofauti kabisa. Basi ndugu msomaji wa Hirbadaw au Basotu, ukiona mtu wako anatapika chakula cha jana na anakonda, usimnunulie tena dawa ya vidonda dukani. Mpeleke kwenye hospitali yenye kipimo cha kamera, na mwambie daktari kama ana kisukari au aliwahi kupasuliwa tumbo.