Waliofundishwa Kuandika, Walioombwa Kuandika

Magofu ya Kisimani yamo katika kata ya Ndagoni, kisiwani Mafia. Bahari imeumega mji huo wa kale mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa imekwenda na maji. Maandishi yamedumu kuliko kuta: historia ya masultani wa Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inaitaja Mafia miongoni mwa milki zao.

Mtu wa pwani aliyeweza kuandika kitabu kama kile alianzia chuoni, kwenye chuo cha Kurani. Alikaa mkekani mbele ya mwalimu, ubao mapajani, akaandika kwa kalamu ya mwanzi, akafuta, akaandika tena, hata akahitimu. Hapo mkono wake ukapata kazi. Palikuwa na barua za wasiojua kusoma na hati za kuuziana minazi. Palikuwa na kombe la mgonjwa, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji yakanywewa. Kwangu mimi, huyo ndiye mwandishi wetu wa kwanza wa kulipwa. Kila alichoandika, alimjua anayekingoja.

Mwana Kupona naye alimjua: utenzi wake wa 1858 ulikuwa wa binti yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa chuoni kutoka pande za Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mjerumani Carl Velten akamtaka aandike mambo ya kwao, na mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli. Hakusomea uandishi popote. Aliulizwa, akajibu kwa ukamilifu.

Mafia ina mfano wake. Mwaka 1965 mwanaanthropolojia Pat Caplan alifika kutoka Uingereza, akakaa katika kijiji cha kaskazini mwa kisiwa. Alimwomba mwanakijiji mmoja, ambaye kitabuni anaitwa Mohammed, aandike shajara. Mtu yule akaandika kwa Kiswahili habari za siku zake, pamoja na mambo ya pepo, na maneno yake yakaingia katika African Voices, African Lives, kitabu cha 1997.

Wapo walioandika bila kuombwa. Shaaban Robert, aliyesoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926 kisha akawa karani wa forodha, alijitwika kazi hiyo mwenyewe. Lakini wa namna yake ni wachache, na kinachoniuma ni kwamba Mtoro na Mohammed waliombwa na wageni. Mkono ulikuwa tayari, lugha ilikuwa tayari, jirani hakuuliza.

Mwalimu wa Ndagoni anaweza kuuliza kesho asubuhi. Mtoto achukue daftari, akae na babu yake barazani, amwandikie mwalimu jibu la swali moja: ulipokuwa mdogo, ukuta wa Kisimani ulifika wapi, na maji yalikuwa wapi?