Kamera ya Nesi wa Queens

Ukiulizwa kamera ya ulinzi wa nyumbani ilitoka wapi, usikimbilie kutaja polisi wala matajiri. Taja nesi.

Marie Van Brittan Brown aliishi Jamaica, mtaa ulioko Queens, New York. Zamu zake zilikuwa za saa za ajabu ajabu, na mumewe Albert, fundi wa elektroniki, pia. Usiku mwingine Marie alibaki peke yake. Uhalifu ulikuwa umezidi, na polisi ukiwapigia simu walichukua muda wao. Mwaka wa 1966 wawili hao wakaombea uvumbuzi wao hataza, wakapewa tarehe 2 Desemba 1969.

Mlango ulikuwa na matundu manne, moja juu ya lingine, la mtu mrefu hadi la mtoto. Kamera ilipanda na kushuka nyuma yake, picha ikatokea kwa runinga chumbani. Ungeongea na mgeni, umfungulie kwa swichi ukiwa kitandani, au ubonyeze kitufe kuita msaada. Hii ni miaka ya sitini!

Mimi napenda vile kamera hiyo ilielekea nje, na aliyetazama ndiye aliyeogopa.

Siku hizi picha inasafiri. Mwaka wa 2023, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera ambayo Amazon iliinunua 2018. Ilidai kuna mfanyakazi aliyetazama maelfu ya video za wateja wanawake, nyingine za vyumba vya kulala na bafu. Ring ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Yaani mtu aliingia chumbani bila hodi, kupitia kifaa kilichonunuliwa kumzuia.

Huku kwetu Katiba ya 2010 inalinda faragha kwenye kifungu cha 31, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Lakini sheria hiyo inasamehe shughuli ambazo ni za kibinafsi au za nyumbani tu. Sawa, lakini sebule ni nyumbani kwa nani? Kwa dada wa kazi hapo ni ofisi.

Binamu yangu alifanya kazi kwa nyumba moja hapa Nairobi, na usiku alilala kwa kochi hapo hapo sebuleni. Hakuna aliyemwambia kuna kamera. Alijua siku mwajiri alipompigia kutoka kazini kumuuliza mbona ameketi.