Hodi Isiyosubiri Karibu



Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi alikotoka. Adabu hiyo iliwahi kuwepo hata kwenye kompyuta. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, aliyeitaka aliinunua dukani. Toleo la disketi lilikuwa na disketi 13, na mwenye kompyuta alizitia moja baada ya moja kwa mkono wake. Asiyetaka alibaki na mfumo wake wa zamani, wala hakuna aliyemgusa.

Intaneti iligeuza mambo. Julai 29, 2015, Microsoft ilianza kutoa Windows 10 bure, kwa muda wa mwaka mmoja, kwa wenye Windows 7 na 8.1. Haikuwapa wote siku moja: watu walijiandikisha, wakapewa kwa mafungu. Sisi wahandisi hatuna ugomvi na mwendo huo. Kompyuta kuukuu hazifanani. Hii ina kadi ya picha ya zamani, ile ina printa ambayo kiwanda kimekwisha isahau. Ukianza na wachache, kasoro huonekana kabla ya kuwafikia mamilioni.

Tatizo lilikuwa ridhaa. Mafaili ya hadi gigabaiti 6 yalipakuliwa kimya kimya hata kwa wasiojiandikisha. Hebu tuwafikirie jamaa zetu nyumbani, wanaotumia kompyuta tulizowapelekea na intaneti ya kununua kwa bando! Mwaka 2016 mambo yalizidi: aliyebonyeza alama ya X kulifunga tangazo hakuhesabiwa kuwa amekataa, na siku iliyopangwa ilibaki pale pale. Malalamiko yalipopamba moto, Juni mwaka huo Microsoft iliahidi kitufe cha wazi cha kukataa.

Somo la pili lilikuja Oktoba 2018. Toleo jipya la Windows 10 lilitolewa tarehe 2, na siku chache baadaye likasimamishwa, kwa sababu liliwafutia baadhi ya watu nyaraka na picha zao. Kwa kuwa lilikuwa bado halijasambazwa kwa wote, wengi walinusurika. Lakini baadhi ya wajaribu walikuwa wameripoti kasoro hiyo mapema, na sauti zao zikapotea katika wingi wa taarifa. Lilirudi Novemba 13. Mwaka uliofuata, watumiaji wa kawaida walipewa uwezo wa kuamua lini wapakue toleo jipya, na wa kusimamisha masasisho hadi siku 35.

Sasa mlango umegeuka. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Safari hii mwenyeji anaita, mgeni anakataa kuingia.

Kwa hiyo, kabla hatujafunga mzigo wa kompyuta kwenda nyumbani, tuzikague kwanza. Isiyokubali Windows 11 tuitilie Linux, na tumwoneshe atakayeipokea mahali pa kusimamisha masasisho na namna ya kuhifadhi nakala za mafaili yake.